Riviu: redio za muziki za Marekani ambazo mtangazaji hayupo mjini, nyota 2 kati ya 5

Nyota 2, na nimefikiria sana kabla ya kuziweka, maana kuna vitu humu ndani vinastahili 5 kabisa na vingine havistahili hata moja. Ninachoriviu sio stesheni moja, ni huduma yenyewe, ile FM ya muziki unayoiwasha kwenye gari hapa Columbus, Ohio, au Indianapolis, au Des Moines, huko kote walikojaa ndugu zetu wa Kiswahili siku hizi, Wakongo, Wabantu wa Kisomali, Wakenya, Wabongo, unasikia sauti changamfu inakuambia karibu sana, uko na mimi mpaka saa nne usiku, kumbe huyo mtu aliyasema maneno yale asubuhi, yuko mji mwingine kabisa, pengine jimbo lingine, na saa hiyo hiyo sauti yake iko hewani kwenye miji mingine ikiwakaribisha watu wa huko kwa jina la mji wao. Wenyewe wanaiita voisi treki. Ni kweli hulipii hela, ila unalipa kwa masikio, kila saa unakula matangazo ya mawakili wa ajali na maduka ya magodoro mpaka basi, kwa hiyo haki ya kuisema tunayo.

Ntaanza na jinsi inavyofanyika maana wengi hawajui, na ukijua utawaheshimu hawa watangazaji zaidi, sio kuwadharau. Studio inakua na programu ya kupigia muziki, zinazotajwa sana huku ni Zetta, NexGen na WideOrbit. Ndani yake kuna listi ya siku nzima, wimbo, wimbo, jingo, tangazo, wimbo. Mtangazaji anafungua listi ya zamu yake, programu inampeleka moja kwa moja kwenye sekunde za mwisho za wimbo unaoisha, anausikia kwenye hedifoni, anaanza kuongea, wimbo unaofuata unaingia chini ya sauti yake na anafunga sentensi pale pale mwimbaji anapofungua mdomo. Akiteleza anarudia. Wimbo wa dakika tatu na nusu hakai kuusubiri uishe, anaruka mpaka nafasi inayofuata, anaongea, anaruka tena, ndo maana zamu ya masaa manne mtu mzoefu anaimaliza kwa chini ya saa moja. Alafu anafungua listi ya mji wa pili, anasoma kidogo kuna nini huko, tamasha gani linakuja, timu yao imeshinda au imefungwa, anarekodi. Mji wa tatu hivyo hivyo. Usiku huo yupo miji yote na yeye mwenyewe yuko nyumbani anakula na wanae.

Mi hiyo sehemu ya mwisho naipenda kabisa. Redio ilikua inawatesa watu, Krismasi uko studio, Idd uko studio, usiku wa manane uko studio unapigia nyimbo madereva wa malori. Kwa hiyo mtu asiniambie kurekodi kabla ni dhambi. Tena kwa mji mdogo wa watu elfu ishirini, mji ambao hauwezi kumlipa mtangazaji mkali, kupata sauti ya mtu aliyeiva kazini ni faida ya kweli, maana bila hiyo saa zile wangepigiwa nyimbo kavu kavu tu mpaka asubuhi. Na kuna watangazaji wanaifanya hii kazi kwa moyo. Kuna dada wa mchana kwenye stesheni moja ninayosikiliza nikiwa kazini, nina uhakika harekodi hapa mjini, ila kila wimbo anao kisa chake, nani aliupiga gitaa, ulirekodiwa wapi, na hajawahi hata siku moja kujifanya anaona theluji dirishani kwetu. Yule peke yake angepata 5.

Na sisi wenyewe kurekodi hakujawahi kutusumbua. Waliokulia na Redio Tanzania wanakumbuka kadi za salamu, unaijaza, unaituma kwa posta, inasomwa baada ya muda mrefu mpaka wengine uliowasalimia washahama, na watu walikua wanakaa karibu na redio kusubiri jina lao, maana kila mtu alijua ni kadi, ilitumwa zamani, inasomwa leo. Au angalia stesheni zetu zinapojiunga na Idhaa ya Kiswahili ya DW. Mtangazaji wa pale mkoani anakuambia wazi sasa tunaungana na Bonn, Ujerumani, unaijua sauti inatoka wapi, taarifa ikiisha anarudi yeye. Hakuna anayelalamika kwamba mtangazaji wa Bonn hajui bei ya mahindi Dodoma, hajasema anaijua.

Sasa hizi za huku ndo hapo zinapoangukia. Zinataka uamini mtu yupo.

Kuna siku natoka Columbus naelekea Indiana, barabara ya I-70, usiku. Nimemsikiliza jamaa mmoja, mchangamfu kweli, anasimulia mbwa wake alivyoiba nyama ya kuchoma kwenye sherehe ya jirani, nikacheka. Masafa yakaanza kukwaruza, nikatafuta stesheni nyingine huko mbele, nikakuta jamaa yule yule, mbwa yule yule, nyama ile ile, na jirani sasa ni wa mji mwingine. Kicheko kile kile kabisa. Stesheni siitaji na jamaa simtaji, anafanya alichoambiwa na bosi wake, ila kiukweli niliumia, maana mi nipo huku mbali na kwetu na sauti za redio ndo watu wanaonisindikiza zamu za usiku, nilikua nimeshamuweka kama mtu ninayemfahamu, mkazi mwenzangu wa huu mji.

Na hili la kujifanya halikuanza leo. Clear Channel, kampuni ambayo sa hivi inaitwa iHeartMedia, mwaka 2000 ililipa dola 80,000 kumaliza kesi na ofisi ya mwanasheria mkuu wa Florida, sababu ilikua mashindano ya kupiga simu redioni, wasikilizaji wa kule walikua wanaamini wanashindana wao kwa wao pale mjini, kumbe ni shindano moja la nchi nzima na washindi wanaweza kutoka popote. We fikiria mama yuko Florida anapiga simu mara hamsini akidhani yuko na majirani zake, kumbe anashindana na Marekani nzima.

Chanzo cha yote hayo ni sheria ya mawasiliano ya 1996. Kabla yake kampuni moja ilikua haiwezi kumiliki zaidi ya stesheni 40 nchi nzima, sheria ikafuta hicho kikomo, na ndani ya mji mkubwa mmoja ikaruhusu mpaka 8. Kampuni zikaanza kununua kama hazina akili nzuri, Clear Channel ikafika kama stesheni 1,200, na mkopo ukinunulia redio nyingi hivyo lazima uulipe, na cha kwanza kupunguzwa ni mishahara. Leo iHeart bado ina zaidi ya 850, hata kampuni inayotengeneza Zetta na NexGen ni ya kwao. Deni liliwafikisha mahakamani kwa ufilisi mwaka 2018, wakatoka 2019, na Januari 2020 wakaachisha kazi mamia ya watu, wengi ni sauti ambazo miji ilizijua kwa miaka. Mtu anakuambia teknolojia imeua redio, mi nasema deni ndo limeua, teknolojia ilitumwa tu kufanya kazi.

Sasa nifike kwenye kitu kilichofanya nipunguze nyota tatu nzima.

Hapa kaunti ya Franklin king'ora cha kimbunga kinajaribiwa kila Jumatano saa sita mchana, ukishakaa kidogo unazoea, wala hugeuki. Usiku mmoja wa masika kikalia na haikua Jumatano. Nimo kwenye gari, mvua inapiga mpaka waipa hazifanyi kitu, nikaongeza sauti ya redio. Ule mlio wa EAS, mfumo wa kutangaza dharura redioni, ulikata wimbo, sauti ya mashine ikataja kaunti na muda, vizuri, hiyo sehemu ilifanya kazi maana mtambo wa EAS unajiendesha wenyewe hauhitaji mtu studio. Ila ukishamaliza, nilichokua nataka ni binadamu aniambie upepo uko upande gani wa mji, niendelee au nisimame, barabara gani imefungwa. Akarudi mtangazaji. Anacheka. Anasema ni usiku mzuri wa kutoka na mpenzi wako, alafu akaingia kwenye habari za muigizaji na mtalaka wake. Nikaingia sheli nikapaki, nikapiga namba ya studio, ikaita, ikaita, mpaka ikakata. Mle sheli nikamkuta mzee mmoja wa Kikongo na mkewe, wameshika simu imeandika onyo kwa Kiingereza, wananiuliza, mwanangu hii inasema tufanye nini? Na mimi nilichojua ni kile kile cha mashine.

Toka siku hiyo kipimo changu cha redio ni kimoja, simu ya studio ikipigwa usiku kuna mtu wa kuipokea? Na cha kusikitisha sheria haimlazimishi mtu kuwepo. FCC, wale wanaosimamia mawasiliano, mwaka 2017 walifuta kanuni iliyodumu zaidi ya miaka 70 ya kuitaka kila stesheni iwe na studio kuu karibu na mji inaouhudumia. Wakabakiza sharti la kuwa na namba ya simu ambayo wakazi wanaweza kuipiga bila gharama, na namba hiyo inatakiwa kuwa na mtu masaa ya kawaida ya kazi. Masaa ya kazi! Kimbunga kinakuja saa tano usiku.

Watu wa Minot, North Dakota, walishalijua hili mapema. Tarehe 18 Januari 2002, saa saba na dakika 37 usiku, baridi kali, treni ya Canadian Pacific iliacha reli pembeni ya mji, mabehewa 31 yakatoka, matangi matano ya amonia yakapasuka na wingu la gesi likaingia kwenye makazi ya watu. Mtu mmoja alikufa, zaidi ya mia tatu waliumia. Stesheni sita za biashara za mji ule zote zilikua za Clear Channel. Polisi walisema walipiga simu kwenye ile stesheni iliyokua inategemewa kwa dharura na hawakumpata mtu, kampuni ikajibu mtu alikuwepo ila simu zilizidiwa, na mfumo wa tahadhari nao haukuwashwa kama inavyotakiwa, kuna lawama na upande wa serikali pale. Wamebishana miaka. Mi nikiwaza nawaza mtu aliyeamka usiku ule macho yanawaka, umeme umekata, ana redio ya betri mkononi, anazungusha masafa na anakuta muziki unaendelea. Kwake yeye nani wa kulaumiwa ni swali la kesho.

Alafu naomba mnisikilize na upande wa pili, maana sio kwamba haiwezekani. Agosti 2005 kimbunga cha Katrina kilipoizamisha New Orleans, stesheni ya WWL 870 AM haikukatika hewani, na Entercom waliokua wanaimiliki wakaungana na wapinzani wao wa biashara, hao hao Clear Channel, wakatengeneza matangazo ya pamoja wakitumia studio za Baton Rouge, watu wamekwama juu ya mapaa wanapiga simu redioni wanasema tuko mtaa fulani, tuko wangapi, kuna mtoto. Joplin, Missouri, Mei 2011, kimbunga kikaua zaidi ya watu 150, stesheni za Zimmer pale mjini zikaacha muziki kabisa siku kadhaa, zikawa zinapokea simu tu, nani anatafutwa, wapi kuna maji, wapi kuna dawa za sukari, na baadhi ya wafanyakazi wenyewe nyumba zao zilikua zimeondoka. Hiyo ndo redio. Mtangazaji wa mji ni kama mjumbe wa nyumba kumi, siku za kawaida unamuona hana kazi kubwa, siku ya msiba ndo unajua kwanini yupo.

Kwa hiyo swala sio kampuni kubwa au ndogo, na swala sio kurekodi. Swala ni kama kuna hata mtu mmoja anayelala kwenye huo mji mwenye funguo za studio na ruhusa ya kukata listi. Mmoja tu.

Na sa hivi tumeshapita hata hatua ya kurekodi. Juni 2023 stesheni ya Live 95.5 ya Portland, Oregon, iliweka hewani sauti ya kutengenezwa na kompyuta, imenakiliwa kutoka kwa mtangazaji wao wa mchana Ashley Elzinga, kwa kutumia kitu kinaitwa RadioGPT cha kampuni ya Futuri. Wengi walichukia. Mi niliona hili moja la kuwapa, walisema wazi kwamba hii ni mashine, wakaiita AI Ashley. Nikilinganisha na yule jamaa wa mbwa na nyama, uwazi wa Portland ni afadhali mara kumi. Ila bado mashine haiwezi kuchungulia dirishani ikakuambia anga limekua la kijani, dalili ya dhoruba kali.

Nyota zangu zinakwenda hivi. Sauti na muziki, 5, masafa safi, ubora ni wa juu, hilo silitoi. Vipindi vya asubuhi vya watu walioko mjini kweli, 4, hao unawasikia wanakosea, wanapigiwa simu na mwalimu wa shule fulani, wanataja shimo la barabara ambalo na wewe umelipita leo. Mchana wa kurekodi, 3, inategemea na mtangazaji. Jioni kuendelea na wikiendi, 1, na hiyo 1 ni ya EAS. Nikichanganya yote, na nikiupa usiku uzito wake maana ndo tunapoihitaji zaidi, inabaki 2.

Nani aitumie? Kama unataka muziki wa kuendeshea gari, tumia, utafurahia. Kama ndo umefika Marekani mwezi huu na unataka kuzoeza sikio Kiingereza, tumia pia, hawa watangazaji wa kurekodi wanatamka vizuri sana kwa sababu wanarudia mpaka itoke safi. Kama unaitegemea ikulinde, hapana ndugu yangu, usiitegemee hiyo peke yake.

Badala yake weka stesheni ya umma ya mji wako kwenye kitufe cha kwanza cha gari, kwetu hapa ni WOSU 89.7, kwako itakua nyingine. Tafuta kama kuna redio ndogo ya jamii karibu, zile za wati 100, zinasikika kilomita chache tu kutoka kwenye mnara ila zinaendeshwa na wakazi wenyewe, na sheria ya redio hizo za jamii iliyosainiwa Januari 2011 ilizifungulia nafasi hata kwenye miji. Wakongo na Wabantu wa Columbus tuko wengi vya kutosha kuomba hata saa moja kwa wiki ya Kiswahili kwenye mojawapo, mi niko tayari kusaidia, mwenye nia aniandikie hapa chini. Na kwa kila nyumba nunueni redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia hali ya hewa, ile yenye betri na ya kuseti kaunti, inashika masafa saba kati ya megahezi 162.400 na 162.550, inawaka yenyewe onyo likitoka hata kama umelala, we unaiseti kaunti yako tu. Inaongea Kiingereza, kwa hiyo kama mna wazazi nyumbani wasiokielewa, watoto wafundishwe maneno mawili, wochi maana yake hali inaweza kuharibika, jiandaeni, na woningi, ikiwa ni ya kimbunga (tornado), maana yake kimeshaonekana kwa macho au kwenye rada, shukeni besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, sasa hivi, kama hakuna besimenti ingieni bafuni au chumba cha katikati kisicho na dirisha. Yule mzee na mkewe nimeshawaletea ya kwao, tumeiseti pamoja, iko juu ya friji.